Aproni Si ya Mama Peke Yake

Ijumaa moja nilitoka kazini mbio mbio, sijabadili hata blauzi, nikabandika kikaango nikaanze samaki. Mafuta yakaruka. Blauzi ikaharibika, mkono ukababuka. Mzee wangu, akiwa kwenye kochi, akasema: "Si ungejifunga kanga?" Nami nikamjibu: "Na wewe si ungekaanga?" Basi, tukanuniana mpaka usiku.

Ukweli ni kwamba sote tulikuwa na hoja. Mpishi anahitaji kinga, na mpishi si lazima awe mama.

Chagua kitambaa
Pamba ndiyo bora. Nailoni na poliesta zikishika moto huyeyuka na kuganda kwenye ngozi. Kwa hiyo lile dera lako linaloteleza, lenye mikono mipana, livae sebuleni, siyo mbele ya jiko. Kanga ya pamba inafaa sana, ila chomeka ncha zote, zisining'inie juu ya moto. Pamba nayo huungua na hunyonya mafuta ya moto, kwa hiyo ikilowa, ivue haraka.

Na watoto je?
Bibu ya mtoto mchanga iwe ya kifungo, siyo ya kamba ndefu, na umvue kabla hajalala, maana inaweza kumkaba. Mkubwa kidogo anayependa kuchora, mvalishe shati kuukuu la baba, vifungo viwe mgongoni, mikono ikunjwe. Lakini jamani, aproni siyo ruhusa ya kusogelea jiko! Mtoto akae angalau mita moja mbali, na mishikio ya sufuria igeuzwe ndani.

Akiungua
Weka sehemu iliyoungua chini ya maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20. Vua nguo, isipokuwa iliyoganda kwenye ngozi. Dawa ya meno, yai na asali, sahau. Jeraha likiwa kubwa, au likiwa usoni au mikononi, nenda hospitali.

Sisi tulinunua aproni mbili, yake na yangu, zinatundikwa msumari mmoja nyuma ya mlango wa jikoni. Ijumaa samaki ni zamu yake. Mfuko wa mbele ameugeuza wa simu, na samaki mmoja mmoja bado anaungua. Lakini hatununiani tena. Wewe na mwenzio je, jikoni kwenu zimetundikwa ngapi?