Usuhuba wa Alfredo na Toto

Katika filamu ya Kiitalia iitwayo Nuovo Cinema Paradiso, aliyoitunga na kuiongoza Giuseppe Tornatore mwaka 1988, mna mapatano yaliyofungwa pasi na kutamkwa neno, na kwa rai yangu usuhuba wote wa hadithi ile umesimama juu yake. Alfredo, mtu wa makamo ambaye aushi yake ameimaliza ndani ya chumba finyu cha kuendeshea mtambo wa senema, amekwenda kufanya mtihani wa shule ya msingi, naye amebanwa katika dawati la watoto, hesabu zimemshinda; ilhali jirani yake, mtoto Salvatore, ambaye kijiji kizima humwita Toto, anazimudu. Mzee aomba msaada kwa macho. Mtoto, aliyekwisha fukuzwa mara nyingi katika chumba kile, azungusha mkono hewani kama aendeshaye mtambo, muradi wake: nifundishe kazi yako, nami nitakupa majibu. Alfredo akasirika, kisha akubali.

Aghalabu hadithi za namna hii humfanya mzee kuwa kisima cha hekima na mtoto kuwa kata ya kuchotea. Hapa sivyo. Toto babaye alikwenda vitani Urusi asirudi. Alfredo hakujaaliwa mtoto wala elimu. Kila mmoja ana haja, na kila mmoja ana cha kutoa.

Picha nyingi zilipigwa Palazzo Adriano, katika kisiwa cha Sisilia alikozaliwa Tornatore mwenyewe, na Salvatore Cascio, aliyeigiza Toto mdogo, ni mtoto wa mji huo huo. Alfredo akaigizwa na Mfaransa, Philippe Noiret.

Katika zama za hadithi hii filamu zilitengenezwa kwa nitrati, kitu kishikacho moto upesi mno. Usiku mmoja Alfredo, kwa kuwahurumia waliokosa nafasi ndani, aielekeza picha kwenye ukuta wa nyumba iliyo uwanjani, watu wakashangilia, na katika furaha hiyo filamu ikawaka. Toto apanda ngazi katikati ya moshi, amburura mtu mwenye uzito maradufu ya wake, amwokoa; lakini macho ya Alfredo hayakupona. Tangu hapo mtoto ndiye aendeshaye mtambo, na mzee ndiye ashikwaye mkono, wala taadhima baina yao haikupungua hata chembe.

Toto alipokuwa kijana, Alfredo alimwamuru aondoke, asirudi, asiandike, asikubali kushindwa na hamu ya nyumbani. Akatii miaka 30, akawa mwongozaji mashuhuri huko Roma. Filamu hii ina nakala fupi na ndefu. Ile fupi, ya saa mbili hivi, iliyopata tuzo maalumu ya majaji Cannes mwaka 1989 na Oscar ya filamu ya kigeni mwaka 1990, yatuonyesha amri hiyo kuwa ni mapenzi matupu. Nakala ndefu, karibu saa tatu, yafichua kwamba mzee ndiye aliyemshawishi Elena, mpenzi wa kijana, amwache aende zake. Wengi huichukia kwa sababu hiyo. Mimi naiona ndiyo yenye insafu zaidi, japo inajikokota, kwani inakiri kwamba mkubwa aweza kumpenda mdogo kwa moyo wote na bado akamdhulumu haki ya kuchagua. Atakayejaaliwa na aitazame kwanza ile fupi, ampende Alfredo bila shaka yoyote, ndipo aiendee ndefu na kumhukumu mwenyewe.