Kabla hujaingia chini ya gari

MTANGAZAJI: Ndugu msikilizaji, leo tunaongea na mafundi na madereva wa Probox kuukuu, zile zinazobeba mgonjwa na gunia la mahindi safari moja.

Jeki ni ya kunyanyua gari, si ya kulishikilia. Kwenye mchanga wetu huu wa Kakuma, laza ubao mpana chini yake. Vuta hendibreki, zuia kwa mawe matairi yaliyobaki chini, kisha weka stendi za chuma. Tofali hapana! Hupasuka ghafla. Lisukume gari, likicheza, shusha uanze upya.

Ukishaingia, anza na mabomba ya breki. Yafute vumbi. Ukiona oili ya breki inavuja, hata tone, gari hilo halibebi mtu leo. Wapo wanaofunga bomba kwa mpira wa baiskeli. Jamani, huko ni kuua abiria. Bomba hubadilishwa, kisha hewa hutolewa kwenye breki.

Penye kutu, gonga kwa bisibisi. Pakitoboka, kata hadi chuma kizima, ndipo uchomelee bati. Ila kwanza tazama bomba la petroli linapita wapi.