Je, Wajua? Sataranji yaweza kuisha kwa hatua mbili

Je, wajua kuwa mchezo wa sataranji unaweza kuisha kila mchezaji akiwa amecheza mara mbili tu? Mwenye nyeupe akisogeza askari hadi f3, kisha mwingine hadi g4, anamwacha mfalme wake wazi kwa upande wa mshazari. Mwenye nyeusi, aliyekwisha kumfungulia malkia njia kwa askari wa e5, humpeleka h4. Mfalme hana pa kukimbilia wala wa kumkinga. Basi anayeanza awachunge sana askari wa mbele ya mfalme.

Kwangu, askari ndiye kete ya kujifunza kwanza. Husonga mbele moja kwa moja, hula kwa mshazari, wala harudi nyuma. Akifika mstari wa mwisho hugeuka malkia, ngome, askofu au farasi, hata kama malkia wa awali bado yupo ubaoni.

Na anayejifunza sataranji aweza kufika mbali: mchezaji Phiona Mutesi alifundishwa na Robert Katende mtaani Katwe, Kampala, na mwaka 2010 aliiwakilisha Uganda katika Olimpiadi ya mchezo huo iliyofanyika Khanty-Mansiysk, Urusi.