Kampala: Taka za jiji zizolewe na nani?

Dampo la Kiteezi, kaskazini mwa Kampala, liliporomoka Agosti 2024 na kufukia nyumba. Watu zaidi ya 30 walifariki dunia. Mwezi uliofuata Rais Yoweri Museveni alimfuta kazi mkurugenzi mtendaji wa jiji, Dorothy Kisaka. Likarejea swali la zamani: kazi ya uzoaji ibaki kwa Mamlaka ya Jiji, KCCA, au iachiwe kampuni binafsi?

Kwa hakika kazi hiyo imekwisha kugawanywa. Kampuni zilipewa maeneo yao na hulipwa na wakazi wenyewe. Malori ya KCCA huhudumia zaidi masoko, barabara na mitaa ya wasiojiweza. Watetezi wa ubinafsishaji husema mamlaka haina malori ya kutosha, na kwamba anayelipwa na mteja hana budi kufika.

Hoja hiyo ina nguvu Kololo, penye lami na mageti. Bwaise mambo ni mengine: vichochoro havipitiki kwa lori, na kwa kaya inayoishi kwa kibarua cha siku, ada ya taka ni mzigo. Asiyelipa hapitiwi, na mfuko wake huishia mtaroni. Mvua ikinyesha, mtaro ulioziba huifurisha hata nyumba ya jirani aliyelipa.

Mjadala hulipita upesi mno jambo jingine: lori, liwe la nani, sharti limwage mahali. Kiteezi, lililofunguliwa 1996, lilikuwa limejaa miaka mingi kabla ya kuporomoka.