Nishani Zilizosahaulika: Jinsi Familia Inavyoweza Kurekebisha Rekodi za Mzee Aliyetumikia Jeshi

Novemba 1, 2023, katika makaburi ya vita ya Kariokor jijini Nairobi, Mfalme Charles wa Tatu wa Uingereza aliwakabidhi wazee wa Kenya waliopigana katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia nishani mpya badala ya zile walizokuwa wamepoteza. Miaka ya 1950, wakati wa vita vya Mau Mau, baadhi ya askari wa zamani wa Keya walizitupa au kuzificha nishani zao wasije wakaonekana vibaraka wa mkoloni. Wapo pia ambao hawakuwahi kuzipokea, kwa sababu hawakujua kuwa walistahili au kwa sababu karani aliyejaza faili aliruka mstari mmoja.

Kwa familia za kundi hili la pili, mlango haujafungwa. Nishani ya kushiriki vita ni haki inayotokana na utumishi, na mwanajeshi akifariki, jamaa yake wa karibu anaweza kuidai. Inayoamua ni rekodi. Kwa hivyo anayetaka nishani aanze kwa kutafuta faili na kuona lina nini na limekosa nini.

Sheria inasemaje

Katiba ya Kenya, Kifungu cha 35, inampa raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa Serikali. Kifungu hicho hicho kinampa kila mtu haki ya kutaka taarifa za uongo au za kupotosha zinazomwathiri zisahihishwe au zifutwe. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaitaka ofisi ya umma ijibu ombi la taarifa haraka iwezekanavyo, na isizidi siku 21. Ofisi ikikataa au ikinyamaza, mwombaji anaweza kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala. Hata hivyo, sheria hiyo inaruhusu taarifa zinazogusa usalama wa taifa zizuiwe.

Wakazi waelewe pia mipaka ya kaunti. Ulinzi ni jukumu la Serikali ya Kitaifa, na hakuna ofisi ya kaunti inayoweza kutoa nishani au kubadilisha faili la jeshi. Sheria za Kenya nazo hazifiki kwenye ofisi za Uingereza. Nishani za askari wa Keya hutolewa na Ofisi ya Nishani ya Wizara ya Ulinzi ya Uingereza, iliyoko Gloucester, kwa kufuata kanuni za nchi hiyo.

Nishani za aina mbili

Maombi mengi hukwama kwa sababu familia haikutofautisha nishani za aina mbili.

Aina ya kwanza ni nishani ya kampeni. Hii hupewa kila aliyetumikia mahali fulani kwa muda fulani. Si lazima awe alifanya jambo la ajabu, wala si lazima awe alifyatua risasi. Madereva, wapishi, mafundi, wahudumu wa hospitali na wajenzi wa barabara walioandikishwa jeshini huhesabiwa pia. Kama nishani hii haimo kwenye rekodi, inaweza kuongezwa hata leo ikithibitishwa kuwa mzee alikuwa mahali hapo katika tarehe zinazohusika.

Aina ya pili ni nishani ya ushujaa. Hii hutolewa kwa pendekezo lililoandikwa na maafisa kuhusu tendo mahsusi. Sajini Nigel Leakey, mzaliwa wa Kiganjo aliyekuwa katika batalioni ya 1/6 ya Keya, aliuawa Mei 1941 huko Colito, Uhabeshi, akishambulia vifaru vya Waitaliano. Msalaba wake wa Victoria ulitangazwa Novemba 1945, zaidi ya miaka minne baadaye. Siku hizi kanuni ya Uingereza ni kwamba haitoi nishani mpya ya ushujaa kwa tendo lililopita zaidi ya miaka mitano. Hadithi ya ushujaa iliyosimuliwa nyumbani, hata ikiwa ya kweli, haitoshi kumpatia babu nishani hiyo. Kama nishani ilishatangazwa kwenye gazeti rasmi la Serikali ya Uingereza lakini haionekani kwenye faili, tangazo hilo ndilo ushahidi wa kuambatisha.

Nani alistahili nini

Nishani za kampeni za Vita Kuu ya Pili zinazowahusu zaidi askari wa Afrika Mashariki ni hizi:

• Nishani ya Vita ya 1939-1945: aliyetumikia jeshi muda wote kwa siku 28 au zaidi, mahali popote, kati ya Septemba 3, 1939 na Septemba 2, 1945.

• Nyota ya 1939-1945: aliyekuwa katika maeneo ya mapigano kwa siku 180. Waliopigana Madagascar mwaka 1942 waangalie hapa.

• Nyota ya Afrika: wengi hudhani ni ya Afrika Kaskazini peke yake. Iliwahusu pia waliotumikia Uhabeshi, Somalia, Eritrea na Sudan kati ya Juni 10, 1940 na Novemba 27, 1941.

• Nyota ya Burma: aliyeshiriki kampeni ya Burma kati ya Desemba 11, 1941 na Septemba 2, 1945. Hapa ndipo wanapoingia askari wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, waliopita bonde la Kabaw na kufika Kalewa mwishoni mwa 1944.

Tuchukue mfano. Askari aliyejiandikisha 1940, akaingia Uhabeshi 1941, kisha akapelekwa Burma 1944 hadi vita vikaisha, alistahili nishani zote nne. Ikiwa faili lake linataja Burma pekee, Nyota ya Afrika imeachwa. Familia itakachotafuta ni ushahidi kuwa alikuwa Uhabeshi katika tarehe zilizotajwa.

Mapengo yametoka wapi

Baada ya vita, mara nyingi nishani zilisubiri mwenyewe aziombe. Askari aliyerudi kijijini, mbali na kambi na pengine bila kujua kusoma, hakuwa na njia rahisi ya kufanya hivyo.

Sababu nyingine ni majina. Makarani waliandika walivyosikia. Mwangi akawa Muangi, Wafula akawa Wafura, na pengine jina la baba likaandikwa mahali pa jina la mtu mwenyewe. Askari aliyehamishwa kutoka batalioni moja hadi nyingine huenda akawa na karatasi katika mafaili mawili yasiyotajana.

Hali hii haikuishia kwa walio hai. Ripoti ya mwaka 2021 ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba baada ya Vita Kuu ya Kwanza, watu wasiopungua 116,000 waliokufa wakitumikia jeshi, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Jina lisipoandikwa siku ile, kulirudisha ni kazi ya miaka mingi.

Hatua za kufuata

1. Kusanya kilichopo nyumbani. Tafuta cheti cha kuondoka jeshini, kitabu cha malipo, barua, picha na nishani yoyote iliyobaki. Kitu cha thamani kuliko vyote ni nambari ya jeshi. Inakili jinsi ilivyo, pamoja na herufi zilizo mwanzoni. Angalia pia kikosi: “1/6” maana yake ni batalioni ya kwanza ya kikosi cha 6, na ni tofauti na “2/6”.

2. Mhoji mzee, au waliomfahamu. Uliza alijiandikisha wapi, alisafiri kwa meli kutoka bandari gani, nani alikuwa afisa wake, na alirudi mwaka gani. Andika tarehe ya mazungumzo na jina la aliyesimulia. Simulizi haitabadilisha rekodi peke yake, ila itaonyesha ni faili lipi litafutwe.

3. Omba nakala ya rekodi kabla ya kuomba nishani. Barua kwa Wizara ya Ulinzi ya Kenya ieleze kuwa ni ombi la taarifa chini ya Sheria ya 2016. Idara ya Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa, Moi Avenue, Nairobi, ina nyaraka za enzi za ukoloni ambazo mwananchi anaweza kuzisoma. Kumbukumbu za kila siku za vikosi vilivyopigana zimehifadhiwa katika Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, Kew. Hizo huonyesha kikosi kilikuwa wapi tarehe gani, na ndizo zinazoziba pengo pale faili la mtu linapokuwa kimya.

4. Nyoosha majina. Kama jina la jeshini linatofautiana na la kitambulisho au cheti cha kifo, apa hati ya kiapo mbele ya wakili au kamishna wa viapo kueleza kuwa majina yote ni ya mtu mmoja.

5. Kubalianeni nani ataomba. Kwa marehemu, mwombaji huwa ni jamaa wa karibu kisheria: kwanza mjane, kisha watoto. Familia yenye nyumba zaidi ya moja ikae na kuandika makubaliano mapema. Ambatisha cheti cha kifo na uthibitisho wa undugu.

6. Taja kosa kwa usahihi. Barua inayosema “babu yetu alidhulumiwa” haimpi afisa pa kuanzia. Inayosema “rekodi haionyeshi Nyota ya Afrika, ilhali nakala hii inaonyesha alikuwa Uhabeshi Aprili 1941” inaweza kushughulikiwa. Tuma nakala, hati halisi zibaki nyumbani.

Ombi la nishani ambayo haikuwahi kutolewa ni tofauti na ombi la kurudishiwa iliyopotea. Nishani iliyowahi kutolewa hubadilishwa kwa masharti, kwa mfano kama iliibwa au iliteketea kwa moto, na mwombaji hutakiwa kuleta uthibitisho. Eleza ukweli tangu barua ya kwanza.

Waliotumikia baada ya uhuru

Utaratibu wa kutafuta ushahidi ni huo huo kwa waliotumikia Jeshi la Kenya tangu Desemba 1963, ila barua zote huelekezwa Wizara ya Ulinzi ya Kenya. Waliokwenda kulinda amani chini ya Umoja wa Mataifa, kama vile Namibia mwaka 1989, wakumbuke kuwa nishani ya Umoja huo kwa kawaida hutolewa kwa aliyemaliza siku 90 katika kazi hiyo. Aliyetunukiwa na Rais atafute tangazo katika Gazeti Rasmi la Kenya na kuandika nambari yake.

Jihadhari na matapeli

Nishani haiambatani na fidia, pensheni wala shamba. Yeyote anayezunguka vijijini akiahidi “pesa za Keya” baada ya kulipwa ada ya usajili aripotiwe kwa chifu au kituo cha polisi. Usimpe mtu nishani, cheti cha jeshi au kitambulisho cha mzee akavihifadhi “hadi kesi iishe”.

Kwa nini sasa

Kijana aliyekuwa na miaka 18 vita vilipoisha mwaka 1945 alizaliwa mwaka 1927. Waliobaki ni wachache mno, na wake na ndugu waliokuwa wakijua nambari, meli na majina ya maafisa nao wanaondoka. Ofisi ya Nishani inaweza kupokea ombi mwaka huu au miaka kumi ijayo. Mtu wa kueleza kwa nini jina kwenye cheti linasomeka tofauti huenda asiwepo wakati huo. Mkazi mwenye mzee wa aina hiyo nyumbani aanze na jambo dogo wiki hii: aipige picha kila karatasi ya jeshi iliyopo, aandike nambari yake mahali salama, kisha aketi naye amsikilize.