Baada ya Vita, Nini?



Mto Kagera hukusanya maji ya Rwanda na Burundi, hupita chini ya daraja la Rusumo, na mwisho huingia katika Ziwa Viktoria, ziwa hili hili linalotulisha samaki sisi wa Mwanza. Mwaka 1994 mto huo ulileta jambo la kusikitisha mno: maiti za watu waliouawa katika mauaji ya kimbari ya Rwanda. Ndipo ikadhihirika kwamba msiba wa jirani haujui mpaka.

Tarehe 28 na 29 Aprili mwaka huo, kwa muda wa siku moja tu, watu wapatao 250,000 walivuka daraja hilo wakaingia Ngara. Chakula chao kilisafirishwa kwa reli mpaka Isaka, kisha kwa malori. Msaada huo uliokoa roho nyingi, na hapana mwenye akili atakayeulaumu. Mwenye njaa haambiwi angoje mipango.

Lakini uchunguzi wa mataifa uliotolewa mwaka 1996 ulionyesha kasoro kubwa. Kati ya Aprili na Desemba 1994 zilitengwa dola zipatazo bilioni 1.4, na sehemu kubwa ilikwenda kwa wakimbizi walio nje. Ndani ya Rwanda kwenyewe serikali mpya ilikuta ofisi tupu, na mahakama bila mahakimu. Katika kambi za Zaire, wauaji wenye silaha walikula pamoja na wanyonge. Mwaka 1996 vita vikawaka huko.

Tunajifunza nini? Kwanza, mpango wa miaka mingi uanze siku ile ile ya kugawa unga, wala usingoje unga uishe. Pili, wenye nchi wenyewe waushike. Rwanda ilijiwekea mwaka 2000 shabaha za kufikia mwaka 2020, na wafadhili wakatakiwa kuzifuata. Tatu, haki isisahauliwe: mabaraza ya gacaca, yaliyofungwa mwaka 2012, yalisikiliza kesi zinazokaribia milioni 2. Yalilaumiwa kwa mengi, lakini bila ya hukumu jirani angemtazamaje jirani yake?

Leo pale pale Rusumo, walipopita wakimbizi, kimejengwa kituo cha umeme cha megawati 80, wa kugawanywa sawasawa baina ya Rwanda, Burundi na Tanzania. Maji yale yale yaliyobeba maiti sasa yanawasha taa.

Enyi wazazi na vijana, mambo haya yamo hata mitaani mwetu. Mtu akiunguliwa na nyumba, usiku wa kwanza majirani wote huja na uji. Mwezi wa tatu, anapotafuta bati na karo ya watoto, ni nani abishaye hodi? Sadaka ya usiku wa kwanza ni njema. Ile ya mwezi wa tatu ndiyo imrudishayo mtu nyumbani kwake.