Wera ya Majuu, Keja ya Umoja

Wera ikikosa yunifomu, ikikosa geti, mtaa huamini umesota. Jirani anakucheki kejani saa nne asubuhi na kaptura, anakuhurumia. Saa tatu usiku anaskia unabonga kizungu na lapi, anashuku ni wash wash. Na kumbe hapo kati kuna wera safi, yenye inalipa rent na inasomesha wadogo zako.

Vijana kibao wa Kanairo sai wanachapia kampuni ndogo za ushauri za majuu. Mdosi ako London, mwenye anashika doo ako Washington, mwingine ako Dakar, na wewe uko Umoja, ghorofa ya nne, na sim kadi mbili. Kampuni yote ni watu saba, nane hivi. Yangu ni ile ya kukagua miradi: shirika limemwaga doo kwa visima Turkana, linataka kujua kama maji ilifikia wasee. Unasafisha data, unapigia wasee wa ground, unaandika ripoti.

Naipenda hii wera. Kwa kampuni kubwa ungekaa miaka ukipanga mafaili. Hapa, kabla uzoee, uko kwa mitingi na mteja, unaulizwa vile unaona, juu hakuna mwingine anaijua hiyo data kukuliko. Hakuna mtu anajali luku yako. Wanakujua kwa vile unaandika. Imeili zikinyooka, unaaminika.

Saa ndio hukufunza adabu. Sisi huku hatubadilishanga saa. Wao hubadilisha, na si pamoja: Marekani wanasongesha Jumapili ya pili ya Machi, Uingereza wanangoja ile ya mwisho. Hapo kati, mitingi ya Washington yenye imezoea saa kumi na moja jioni inaruka saa kumi, na ya London inabaki pale pale. Baridi ya kwao ikiingia, msee wa Washington akisema tubonge saa tisa mchana, kwako ni saa tano usiku. Sema mapema mwisho wako ni saa ngapi. Ukinyamaza mwanzo, utaizoeza kampuni usiku wako wote.

Net nayo unajua. 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom ziliharibika chini ya bahari, na watu wa East Africa wakabaki na intaneti ya kutambaa. Msee wa majuu haoni hiyo. Anaona kimya tu, na kimya ndio huua hii wera kuliko kazi mbaya. Hata kama ni SMS, tuma.

Sasa bei. Hapa ndio nataka mbogi inisikize poa. Kuna swali hukuja na tabasamu: unahitaji ngapi kuishi Nairobi? Usilijibu. Rent yako haihusiani. Hizi kampuni hulipisha mteja kwa siku, na siku yako iko kwa bajeti yake na bei yake. Ripoti ikitoka, mteja hapunguziwi eti ile grafu ilichorewa Umoja. Wewe uliza bei ya siku.

Na piga hesabu ya ukweli. Mwaka uko na siku 260 hivi za kazi. Aliyeandikwa hapa Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 inampa likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka, na analipwa. Wewe wa kandarasi huna. Toa hizo, toa sikukuu, toa siku za homa, toa wiki za kungoja mkataba mwingine. Zenye zinabaki ndio lazima zikulishe mwaka mzima. SHA unajilipia, KRA wanangoja ritani kabla 30 Juni ipite, lapi ikikufa ni shida yako. Hiyo yote iingie kwa bei.

Halafu kuna dola. Mwanzo wa 2024 ilikuwa kama bob 160. Miezi michache tu, ikashuka karibu 130. Msee wa dola elfu moja kwa mwezi alipoteza thao thelathini hivi bila kukosa kazi hata siku moja. Kwa hivyo usipange maisha na dola ikiwa juu, na ulizia pia makato ya benki yanabebwa na nani.

Kwa mbogi yetu tunaambiana bei, waziwazi, kwa namba. Mresh mmoja wa Wendani alikuwa anachapia kampuni ya ushauri mwaka wa pili kwa bei ya kwanza. Akaskia zetu, akanyamaza kidogo, akaenda kuandika imeili ya mistari minne: kazi zenye amefanya, bei mpya, tarehe ya kuanza. Hakuomba msamaha kwa hata mstari mmoja. Walimjibu sawa, na wakaongeza swali moja: kwani alikuwa anangoja nini?